Shikamoo ya Mwamuzi Iliyokosa Jibu

Wiki hii nilikusudia kuwaandikia juu ya mitaro ya mji wetu wa Malindi, inayofurika kila mvua ikinyesha. Mitaro itangoja, imeshazoea. Juzi asubuhi nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa Kilifi, na baada ya kuulizana hali za nyumbani akaniambia kwamba yule mama mwamuzi wa besiboli amefariki. Ni presha, alisema. Aliamka salama, akafagia ua wake, akaanguka. Wengi wenu hamkumjua, maana besiboli kwetu ni mchezo wa vijana wachache wa shule na wazazi wanaokaa juani kuwatazama. Lakini huenda mliwahi kupishana naye njiani siku ya Jumamosi, mama mnene kiasi, mwenye mwendo wa taratibu, amening'iniza begani ile kinga ya uso ya vyuma wanayovaa waamuzi. Mimi nilimjua kidogo tu, na hicho kidogo nimekibeba kwa haya, kwa sababu ya mtu wa nyumbani kwetu. Nilipokata simu niliondoka kwenda kumpa habari mtu huyo, na njia nzima nilitamani awe hayupo.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, besiboli ni ndugu wa ile raunda tuliyocheza shuleni. Mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kituo hadi kituo mpaka arudi kwenye kibao cheupe kilichopachikwa ardhini, ambacho wao wanakiita nyumbani. Mwamuzi mkuu husimama nyuma ya kibao hicho, amechutama, na kila mpira unaopita ni lazima autolee neno papo hapo. Kwa hiyo kwa muda wa mchezo mzima kuna nusu ya watu uwanjani wanaomwona kipofu, na zamu ikibadilika ni nusu ile nyingine. Marehemu aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, baada ya kufundisha shule ya msingi wiki nzima. Alizaliwa Adu, huko ndani Magarini, kwa wazazi wakulima, na mchezo aliujulia chuo cha ualimu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na hakuwa na haja ya kuipandisha.

Alikuwa na namna yake ya kumtoa kocha mkorofi uwanjani, ambayo sijaiona kwa mwamuzi mwingine yeyote wa mchezo wowote. Mara ya kwanza niliishuhudia Bofa, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya mahoteli. Kocha wa timu moja, mzee wa kanisa anayeheshimika, alikuwa amepandwa na hasira mpaka kofia ameitupa chini na kuikanyaga. Mwamuzi alisimamisha mchezo, akavua ile kinga ya uso, akaiokota kofia ya mzee mchangani na kuikung'uta. Halafu akainama kidogo na kusema, "Shikamoo, kocha." Mzee, kwa mazoea ya miaka sitini, akajibu, "Marahaba, mwanangu." Tayari alikuwa amekwisha. "Haya, twende nikusindikize," mama akamwambia, na wakaenda wote wawili pole pole mpaka langoni, yeye akimwuliza habari za goti lake na za mvua huko kwao. Langoni akampa kofia yake, wakaagana, akarudi kuendelea na kazi. Baadaye kidogo tuliona dafu limeletwa uwanjani, salamu za kocha aliyefukuzwa.

Nilicheka sana siku ile. Nilipokwenda nyumbani nikaanza kuyafikiri, nikaona mama yule alikuwa amefahamu jambo ambalo sisi watu wa pwani tunaliishi bila kuliangalia. Mtu akishaitika marahaba, ameshakubali kuwa mkubwa, na mkubwa hawezi tena kupiga kelele na kukanyaga kofia mbele ya wadogo. Na mgeni kwetu hafukuzwi. Akiwa amekaa vya kutosha, mwenyeji huinuka naye, humtoa mlangoni, humfikisha njia panda, na mgeni huondoka akiwa na heshima yake yote ingawa huenda mwenyeji alikuwa anaomba aondoke tangu adhuhuri. Mama yule alichukua adabu hiyo ya majumbani akaiingiza katika mchezo uliotoka ng'ambo ya bahari, na ikafaa kuliko kadi na vipenga. Kwa miaka yote aliyoamua mechi, kutoka Malindi hadi Vipingo, hakuna kocha aliyekataa kusindikizwa, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni kaka yangu. Naona haya kuandika, na nimemwomba ruhusa, naye akaniambia niandike yote nisimpunguzie. Nampenda kaka yangu, hilo mlijue. Amefundisha hesabu maisha yake yote, na alipostaafu alichukua timu ya besiboli ya wasichana wa shule moja hapa mjini iliyokuwa haina kocha. Mchezo alijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na mtu aliyesomea kwenye simu ni mgumu sana kukosolewa. Wasichana wale aliwapenda na wao walimpenda. Mwaka mmoja walishinda kila mechi, wakabakiwa na moja tu dhidi ya timu ya Kilifi, na mshindi angekwenda Mombasa kwenye mashindano ya Pwani nzima. Wengi wao walikuwa hawajawahi kulala nje ya Malindi. Walikuwa wameshasuka nywele za safari.

Mchezo ulikuwa sare hadi karibu na mwisho. Nahodha wa timu ya kaka yangu alitoka kituo cha mwisho mbio, akajitupa chini na kuteleza kuelekea nyumbani, vumbi likatimka, na mdakaji wa Kilifi akamgusa kwa mpira. Mwamuzi alinyoosha ngumi. Auti. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wazazi, nyuma ya kaka yangu, na kwa kweli sikuona kilichotokea ndani ya vumbi lile. Kaka yangu aliona, au alisema ameona.

"Mwamuzi, mtoto amefika! Mguu wake umegusa kibao!"

"Nimekusikia, kocha. Mpira umemgusa kabla ya mguu kufika."

"Hukuona! Ulikuwa umesimama wapi wewe?"

"Nyuma ya mdakaji, kocha, pale pale siku zote."

Watu wakacheka, na hicho kicheko ndicho kilichotuharibia. Kaka yangu hapendi kuchekwa. Aliingia uwanjani mpaka karibu na mama yule, akamnyooshea kidole, na kwa sauti ya mwalimu wa darasa la watoto wengi akasema, "Hivi nyinyi watu wa mashamba mwajua besiboli nyinyi? Nani aliyekuleta hapa? Rudi zako Adu ukapalilie mihogo!"

Mama alivua kinga ya uso, akaipachika kwapani, akafuta jasho. Hakuonyesha uso wa mtu aliyetukanwa. Akamwendea kaka yangu na kuinama kidogo kama kawaida yake. "Shikamoo, kocha."

Kaka yangu akamgeuzia mgongo.

Wasomaji wangu wa Malindi hawahitaji kuelezwa, lakini nitawaeleza wa mbali. Sisi ni watu wa mji wa kale, wazee wetu walitoka visiwani kaskazini, na nyumbani kwetu mtoto aliyeacha shikamoo alikuwa anakosa chakula. Lakini mtu mzima kuacha marahaba, hilo hata adhabu yake haikuwahi kutajwa, maana hakuna aliyedhani linaweza kutokea. Hata waliogombania mashamba mahakamani huitikiana kwenye ngazi za mahakama. Mama akazunguka akasimama mbele yake tena. "Shikamoo, kocha." Kaka yangu akaenda akaketi kwenye benchi lake, akakunja mikono kifuani. "Sitoki," akasema. "Toka wewe."

Kanuni iko wazi: kocha akikataa kutoka, mchezo unavunjwa na timu yake imeshindwa. Mama hakukimbilia kanuni. Alingoja. Nilimwona akiwatazama wale wasichana waliojipanga pembeni ya benchi, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikafuata macho yake. Wote walikuwa wameinamisha vichwa wakitazama viatu vyao. Nahodha mwenyewe, na vumbi lake lote mwilini, alikuwa anachora mchanga kwa ncha ya kiatu. "Nimechelewa," mama akasema, kwa sauti ndogo, kama anajisemea nafsi yake. Halafu akatangaza kwamba mchezo umekwisha na Kilifi ndio washindi. Wasichana hawakulia wala hawakulalamika. Walikusanya magongo yao wakaondoka bila kumwangalia kocha wao, nywele zao za safari zingali kichwani.

Nilimwonea kaka yangu haya mpaka nikasikia joto masikioni. Na haya yangu haikuwa kwa kitendo tu. Yale maneno ya mihogo na mashamba nilikuwa nayajua. Hakuyaokota njiani. Yalisemwa nyumbani kwetu tulipokuwa wadogo, kwa kicheko, mbele ya mama aliyetuletea maziwa kila asubuhi kutoka bara, mama ambaye alitutibia tetekuwanga kwa majani yake na kukaa na wazazi wetu msibani. Tulikula mihogo yao tukawacheka kwa kuilima. Nilidhani tumeyaacha hayo, tumesoma, tumeoleana, tunasali na kufanya kazi pamoja. Kumbe yalikuwa yamekaa tu yanangoja hasira ya kuyatoa.

Baada ya siku chache nilikwenda kumtafuta shuleni kwake. Nilimkuta anasahihisha madaftari barazani, akanipa kiti, akaagiza chai. Nikamweleza kwamba nimekuja kumwombea radhi kaka yangu, kwamba ni mtu mwema ila ulimi wake, na maneno mengine ambayo ndugu wa mkosaji huwa nayo tayari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe hukunikosea," akasema. "Na salamu nilimpa yeye. Sasa nikilichukua jibu kwako, yeye atabaki na nini?"

Nikamwuliza swali la kikazi, kama tunavyofanya sisi waandishi tukishikwa na aibu. Nilimwuliza mwamuzi ajuaje kwamba wakati wa kumtoa kocha umefika. Alifikiri, akasogeza madaftari.

"Akilalamikia mpira, namwacha. Hata akipiga kelele. Mpira ule ni kazi yangu, na kazi yangu ina makosa. Akiacha mpira akaanza kunisema mimi, nilivyo, nilikotoka, hapo anatoka. Lakini hiyo ndiyo rahisi, hata ninyi mnaiona."

"Na ngumu ni ipi?"

"Watoto. Mimi simwangalii kocha, nawaangalia watoto wake. Wakiwa bado wananitazama mimi kwa hasira, mchezo ni mzima. Wakianza kuangalia chini, basi wanamwonea haya mkubwa wao, na hilo ni zito kumbebesha mtoto. Ningemtoa kaka yako aliponiuliza nimesimama wapi. Niliustahi ualimu wake. Nikachelewa."

Kwa hiyo katika habari yote ile aliyejilaumu alikuwa ni yeye.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu. Kila alipokuja Malindi sokoni na kukutana na kaka yangu, alisimama na kusema, "Shikamoo, kocha." Hakusema kwa kejeli, wala hakuongeza neno. Alingoja kidogo, akaendelea na safari yake. Mara ya kwanza, kwa kiburi, kaka yangu hakuitika. Mara ya pili hakuitika kwa sababu hakuitika mara ya kwanza. Baadaye ikawa hawezi tena, hata angetaka. Alianza kwenda sokoni adhuhuri jua likiwa kali, kwa kuwa mama yule alikuwa anakuja asubuhi. Alibadilisha duka la kununulia mchele. Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, akawa anachungulia kwenye pembe za vichochoro kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani. Nilimtania siku moja kwamba atahamia Mambrui kwa ajili ya neno moja. Hakucheka. "Neno lenyewe limeshakuwa zito," akaniambia. "Nikilisema leo, nitakuwa nimesema na yale mengine yote."

Nimekuwa nikifikiri wiki hii ni wakubwa wangapi katika nchi yetu tuliowaacha kwenye benchi wamekunja mikono. Nimehudhuria mikutano ya wazazi ambapo mwenyekiti anamtukana mwalimu kijana, na sisi tunatazama viatu. Nimekaa kwenye baraza za mtaa ambapo kiongozi anawabagua watu kwa walikotoka, na baadhi yetu tunacheka kidogo ili tuonekane tuko pamoja naye. Misikitini, makanisani, maofisini, hata katika makundi ya ukoo kwenye simu, kuna mtu ambaye kila mmoja anajua kwamba alipaswa kusindikizwa langoni zamani. Hatumtoi kwa kuwa ni mkubwa. Tunasema ni heshima. Mama yule alinionyesha kwamba heshima ndiyo njia ya kumtoa.

Turudi kwa ile simu. Kaka yangu nilimkuta anakunywa chai. Nilipomwambia, aliweka kikombe chini bila kukiangalia, kikakaa nusu juu ya sahani. Hakuuliza ugonjwa. "Mazishi ni lini?" akasema. Nikamwambia. "Twenda Adu," akasema.

Tulikodi gari, tukaacha lami, tukaingia barabara ya vumbi mpaka kwao. Watu walikuwa wengi. Timu za vijana zilikuwa zimekuja na sare zao, na wale wasichana wa zamani wa kaka yangu nao walikuwapo, sasa ni wanawake, mmoja amebeba mtoto. Walimwona kaka yangu akishuka garini. Tulisimama nyuma wakati wa ibada, tukatupa udongo pamoja na wengine. Kaka yangu alirusha wake, akabaki amesimama na mkono wazi mpaka nikamgusa bega.

Baada ya mazishi tukaenda kuwapa pole wafiwa. Mama mzazi wa marehemu alikuwa hai, kikongwe, ameketi kwenye mkeka na fimbo yake magotini. Kaka yangu alivua viatu, akapiga magoti mbele yake. Nilikuwa sijawahi kumwona kaka yangu akipiga magoti nje ya swala.

"Shikamoo, mama."

Kikongwe alimtazama. Hakujibu. "Watoka wapi wewe?" akauliza baadaye.

"Malindi, mama. Mimi ndimi yule kocha."

"Alinieleza," kikongwe akasema.

Wanawake waliokuwa kando yake waliacha kuongea. Nikajikuta natazama chini, na nilipoinua macho kidogo niliwaona wale wasichana waliokuwa wa kaka yangu, wakubwa kama walivyo sasa, nao wanatazama chini, vile vile kama siku ile. Nikajilazimisha kuinua kichwa.

"Mwanao alinisalimia," kaka yangu akasema. "Mara nyingi. Nimekuja kumjibu."

"Umechelewa, mwanangu."

"Najua, mama."

Kikongwe alipitisha kiganja juu ya fimbo yake, akavuta pumzi. "Marahaba," akasema. "Kaa. Mpeni chakula."

Wakatuletea sima na mboga, na mihogo ya kuchemsha. Kaka yangu alikula kila kilichokuwa kwenye sahani. Machozi yalikuwa yanamwagika ndani ya chakula na hakuyafuta. Tulipomaliza kunawa na kuomba ruhusa ya kuondoka, yule kikongwe akaegemea fimbo yake akajiinua. Watu wakamzuia, akawakatalia kwa mkono. "Haya," akamwambia kaka yangu, "twende nikusindikize." Akatangulia naye, pole pole sana, kupita kaburi bichi la mwanawe, kupita mazizi ya mbuzi, akimwuliza habari za watoto wake na kama kwetu mvua imenyesha. Penye mwisho wa boma, njia inapoanza, alisimama. "Mimi nimefika," akasema. "Nenda salama." Sijui kama alijua alichokuwa anafanya, au kama hayo ndiyo mazoea ya kwao na mwanawe aliyajifunzia hapo nyumbani.

Garini kaka yangu alikaa amefunika uso kwa viganja mpaka tukaikaribia lami. Halafu akasema, "Siku ile nilikataa kutoka. Leo nimetoka."

Msomaji wangu, siku moja utakosea, na atakuja mtu mwenye subira kukuinamia, akusalimie, akuonyeshe lango. Huenda akawa mdogo kwako, na huenda akawa ametoka mahali mlipozoea kupacheka. Mwitikie, kisha inuka utoke naye. Usikae kwenye benchi mpaka yeye awe ndani ya udongo, na iwe ni mama yake mfiwa, kwa fimbo na magoti mabovu, anayekutoa.